Kuvua samaki wa chini kwa kayaki: mwongozo kwa mtu wa Nairobi

Mara ya kwanza nilipoipandisha kayaki juu ya gari na kuishika barabara ya Mombasa ilikuwa Julai, kwa sababu Julai ndiyo likizo niliyopewa kazini. Nilifika Kilifi, nikalala vizuri, nikaamka alfajiri na fimbo mbili mpya za kuvulia. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu chini ya mkungu alinitazama nikiiburuta kayaki mchangani mpaka nikamfikia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo waipeleka wapi?”

Nikamwambia naipeleka nje ya mwamba, natafuta tewa. Akaitazama bahari, kisha akanitazama mimi. “Sisi wenyewe leo siku ya tatu hatujatoka. Ni kusi hii.”

Nilirudi Nairobi na fimbo zangu kavu. Tangu hapo nahesabu upepo na mwezi kwanza, ndipo naenda kuomba ruhusa kazini. Mwongozo huu umepangwa hivyo hivyo, na sehemu yake kubwa unaweza kuifanya ukiwa bado South B au Kasarani.

Kwanza, tafuta siku

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na ndiyo kali zaidi. Juni, Julai na Agosti hata ngalawa hulala mchangani siku nyingi. Katikati ya misimu hiyo kuna maleleji, upepo mwepesi unaobadilika-badilika. Mwenye kayaki ajipangie mwishoni mwa Oktoba hadi Machi. Ukiwa na likizo ya Julai tu, nenda ukale samaki wa wengine.

Ukishapata msimu, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Mombasa tofauti ya kina katika bamvua kubwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 na kidogo. Muda ni ule ule, saa sita na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa, kwa hiyo siku za bamvua maji mengi zaidi hulazimika kupita kwa muda uleule, na mkondo hukimbia. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ikiwa ya gramu 150 itatulia chini siku ya maji mafu. Siku ya bamvua hata ya gramu 300 huburutwa, na mshipi hukaa mshazari hadi usijue kama ulichokigusa ni samaki au jiwe. Anayeanza atafute siku moja mbili baada ya tarehe 8 au tarehe 23 za mwezi wa Kiislamu. Wavuvi hawatumii programu kujua hili. Wanahesabu tu tangu mwezi ulipoonekana.

Maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Gawanya ule ujazo wote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupita fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ile saa ya tatu na ya nne ndipo mkondo una nguvu, na ndipo kayaki ndogo haina kazi nje. Panga uwe umeshafika mahali pa kuvulia saa moja kabla maji hayajasimama, uvue yakisimama, uondoke yakianza kushika kasi upande wa pili. Kumbuka pia kwamba kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hivyo jedwali la juzi halikufai leo.

Sasa jambo linalowazamisha watu wa bara: upepo kukutana na maji. Mkondo ukienda njia moja na upepo ukija kinyume chake, mawimbi husimama, hufupika na kukaribiana. Mdomo wa hori la Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ni mfano mzuri. Maji yakipwa yanatoka horini kwenda baharini, na upepo wa kusi unayapiga usoni. Dakika ishirini kabla palikuwa shwari, sasa pana mawimbi yanayokuja kutoka kila upande. Hapo hupigi kafi kwa ubishi. Unasubiri maji yageuke, au unashukia pwani nyingine na kupiga simu ufuatwe na gari.

Kwenye utabiri wa simu angalia mambo mawili. La kwanza ni upepo: chini ya kilomita 15 kwa saa ni starehe, kuanzia 20 mawimbi huanza kuvaa povu jeupe, na juu ya 25 kaa pwani. La pili ni muda kati ya wimbi na wimbi, ambao wengi hawausomi. Wimbi la mita 1 linalokuja kila sekunde 10 linakuinua na kukushusha kama mtoto mgongoni. Wimbi la mita hiyo hiyo kila sekunde 4 linakumwagikia mapajani. Kwenye orodha ya utabiri yote mawili yameandikwa mita 1.

Kazi ya Nairobi

Nunua au kodi kayaki ya kukalia juu, si ile ya kuingiza miguu ndani. Urefu wa mita 3.5 hadi 4 na upana wa sentimita 75 hadi 85 unatosha. Nyembamba zaidi huenda mbio lakini hukuyumbisha unapopigana na samaki. Iwe na matundu ya kumwaga maji sakafuni. Kayaki ya kujazwa upepo inaingia kwenye begi na ni nzuri ukitaka kupanda treni ya SGR, ila mimi siipeleki juu ya matumbawe nikiwa na ndoana na miiba ya samaki mapajani.

Mafundi wa jua kali pale Kamukunji watakuchomelea vyuma vya kubebea juu ya gari kwa bei ya maelewano. Watakuyeyushia na risasi za chubwi pia, ukiwapelekea kielelezo. Usijaribu kuyeyusha risasi jikoni kwako. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Gikomba utapata shati jepesi la mikono mirefu, kofia pana na suruali inayokauka upesi. Bahari yetu haikugandishi kwa baridi. Maji hukaa nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima. Kinachokuangusha ni jua na kiu, kwa hiyo lita 3 za maji ya kunywa kwa kila mtu si nyingi.

Mshipi wangu uko hivi. Fimbo fupi ya mita 1.8 hadi 2, kwa sababu ndefu itakusumbua samaki akipita chini ya kayaki. Uzi wa kusokotwa wa nguvu ya kilo 15 kwenye rili, maana haunyumbuki na unakuletea habari za chini moja kwa moja. Mwishoni mwake mita mbili za nailoni nene ya kilo 25 au 30, kwani mwamba hukata uzi wa kusokotwa kama wembe. Chubwi inakaa chini kabisa. Juu yake matawi mawili ya sentimita 25, yaliyoachana nusu mita, kila moja na ndoana ya mviringo namba 4/0 hadi 6/0. Halafu ile chubwi ifunge kwa kipande cha uzi dhaifu wa kilo 5 au 6. Ikinasa mwambani, na itanasa, kinakatika hicho tu. Unapoteza risasi badala ya kila kitu, pengine na samaki aliyekwisha kushika ndoana ya juu. Funga seti kumi nyumbani, kila moja kwenye mfuko wake. Kufunga ndoana kwenye mawimbi ndiko kunakowatapisha watu.

Chambo bora ni ngisi. Soko la City Market mjini wanauza, na akigandishwa husafiri vizuri. Mkatekate vipande virefu vyembamba kama kidole cha mtoto. Ngozi yake ngumu haichomoki kwenye ndoana kirahisi.

Kitu kimoja usikiruke: kupinduka kwa makusudi. Tafuta kidimbwi cha kuogelea ambacho meneja atakuruhusu kuingiza kayaki asubuhi ya siku ya kazi. Usipopata, wapo wanaofundisha kayaki kule Sagana kwenye mto Tana, kama kilomita 100 kutoka mjini. (Naivasha usiende kujifunzia. Viboko hawajali kwamba wewe ni mwanafunzi.) Vaa jaketi la kujiokoa, pinduka, kisha igeuze kayaki kwa kushika ukingo wa mbali na kuuvuta kwako. Nyosha mwili juu ya maji, piga miguu kama unaogelea, ujirushe juu ya kiti kwa tumbo. Geuka ukae kwa matako. Ingiza miguu. Tumbo, matako, miguu: rudia mara kumi, na mara tatu za mwisho uzifanye ukiwa umechoka. Usipoweza kwenye kidimbwi kisicho na wimbi, bado hujawa tayari kwa safari.

Njiani, na kwa wenyeji

Laza kayaki kifudifudi juu ya gari, mikanda isikazwe mno. Jua la Mtito Andei hulainisha plastiki, na mkanda uliokazwa kupita kiasi huacha bonde ambalo halitoki. Funga omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, kwa kamba za ziada, na kitambaa chekundu nyuma. Kwa Kilifi mimi hukata Mariakani, nikapitia Kaloleni hadi Mavueni, nikaepuka msongamano wa Mombasa.

Ukifika, nenda kwanza kwa BMU, kamati ya wavuvi wa ufuo huo. Sema unatoka wapi, unataka kuvua wapi, uliza leseni inayohitajika na mipaka ya hifadhi. Ndani ya mbuga za baharini za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite huruhusiwi kuvua kabisa, na hakuna ukuta majini wa kukuonyesha mpaka. Wavuvi watakueleza pia mlango wa kupitia mwambani, mahali penye mitego ya dema, na kama leo ni siku ya kutoka. Mwachie mmoja wao namba yako na saa ya kurudi. Usipoonekana, yeye atajua kabla ya mtu yeyote wa Nairobi.

Kutoka

Ondoka kabla jua halijachomoza, upepo ukiwa bado umelala au ukivuma umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara. Saa tano uwe umerudi, maana alasiri upepo wa bahari hukaza hata msimu mzuri. Filimbi kwenye jaketi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisu mahali ambapo mkono wowote unafika, kafi imefungwa kwa kamba. Fimbo zilale na zifungwe mpaka upite mwamba.

Mlangoni simama dakika kumi uhesabu mawimbi. Huja kwa makundi, makubwa matatu manne kisha utulivu. Ingia nyuma ya la mwisho, omo ikiwa mbele moja kwa moja, na usiache kupiga kafi hadi uwe nje. Kafi iliyo majini ni mguu wako wa tatu. Wengi hupinduka pale wanapoiweka mapajani ili wapige picha.

Nje ya mwamba, anza kwa kwenda upande upepo unakotoka. Kurudi ukiwa umechoka, upepo ukusukume.

Nanga au kuelea

Hapa ndipo nilipolipa ada yangu. Ilikuwa Novemba, kina cha mita 12, changu wanapokea vizuri. Nanga nilikuwa nimeifunga kwenye mpini wa ubavuni kwa sababu ulikuwa karibu na mkono. Maji yalipoanza kupwa, kamba ikakaza, ubavu ukainama, na wimbi moja dogo tu likamaliza kazi. Niliweza kurudi juu, namshukuru Mungu na kidimbwi, lakini fimbo moja, sanduku la ndoana na chapati nne zilienda chini. Vijana wawili wa ngalawa walikuja. Hawakuniuliza kama nimeumia. Waliuliza, “Kaka, nanga umeifunga wapi?”

Nanga ya kayaki hufungwa omo au tezi, kamwe si ubavuni. Kwa kuwa hufiki huko ukiwa umekaa, weka kamba inayozunguka kwenye kapi mbili, moja omo na moja tezi, yenye pete. Unapitisha kamba ya nanga kwenye pete ukiwa katikati, kisha unaivuta pete hadi mwisho. Kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi: mita 15 za maji zinataka mita 45. Nanga ya makucha ya kilo 1.5 inatosha. Ifunge kamba kwenye kitako chake, kisha uipitishe hadi pete ya juu na uishikize hapo kwa kibana cha plastiki. Ikinasa, unavuta kwa nguvu, kibana kinakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Upande wako funga chelezo (boya la kuelea), ili siku ya hatari uiachie kamba yote na kuirudia baadaye. Na kisu kiwe pale pale.

Bahari ikiwa imechafuka mimi sitii nanga hata kidogo. Nanga huishikilia omo chini wakati wimbi linataka kuiinua. Naelea, nimefunga nyuma mwavuli wa maji, mfuko wa kitambaa cha hema wenye mdomo wa sentimita 60 ulioshonwa na fundi cherehani wa mtaani. Unapunguza kasi na kuizuia kayaki isilipe wimbi ubavu. Ukipata samaki, panga alama mbili za nchi kavu zikae mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba tuseme, na nyingine mbili upande wa pili. Utaparudia bila kifaa chochote.

Chini kuna nini

Achia chubwi hadi iguse, kisha zungusha rili mizunguko miwili. Sikiliza kwa kidole. Mchanga hupokea taratibu, mwamba hugonga. Unachotafuta ni mpaka wa hivyo viwili, kina cha mita 10 hadi 30. Changu hula kwenye mchanga wa ukingoni, hasa alfajiri. Kungu na kolekole hupita juu kidogo. Tewa anakaa mlangoni mwa pango lake na hatoki mbali.

Kwa ndoana ya mviringo usinyanyue fimbo kwa kishindo, utamchomoa mdomoni. Subiri mvuto uwe mzito, kisha zungusha tu. Changu hugonga-gonga na kutikisa kichwa. Tewa ni mvuto mmoja mkubwa wa kurudi nyumbani, na una sekunde kama tano za kumwinua mita mbili kutoka chini. Akishaingia pangoni na kupanua mashavu, usimvute. Legeza uzi kabisa, subiri dakika moja au mbili. Mara nyingi hutoka mwenyewe akidhani mambo yamekwisha.

Anapofika juu, weka miguu yote miwili nje, mmoja kila upande. Kayaki hutulia ajabu. Mlete samaki kwenye wavu mbele ya goti lako, usimfuate. Kichwa chako kisipite ukingo wa kayaki, maana kichwa kikipita mwili wote hufuata. Samaki wa kina cha mita 30 mara nyingi huja tumbo limetokea mdomoni kwa hewa iliyopanuka, na ukimrudisha hivyo huenda asiishi. Ukianza kupata wadogo kina hicho, hama.

Bunju, yule anayejivimbisha, mkatie uzi aende zake. Sumu yake haiishi kwa kupikwa. Ngogo ana miiba mgongoni na ubavuni. Ikikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nyuzi 40 hadi 45, maumivu hupungua, kisha nenda hospitali. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mwachie na ndoana yako.

Kurudi, na safari ya Nairobi

Ukikaribia ufuo laza fimbo, kaa nyuma kidogo, shika tezi ielekee wimbi moja kwa moja. Shuka upande wa baharini. Ukisimama kati ya kayaki na nchi kavu, wimbi linalofuata litakupiga magotini kwa kilo 40 za plastiki na samaki.

Pasua samaki hapo hapo, toa matumbo na mashavu yote mekundu, osha kwa maji ya chumvi. Barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, iliyopondwa, tabaka chini na juu, na kizibo cha sanduku kiwe wazi ili maji yaliyoyeyuka yatoke. Samaki aliyelowa ndani ya maji hayo hulainika kabla ya Voi. Rili zioshe kwa maji baridi ya bomba yasiyo na nguvu, zikauke kivulini. Mawaa ya chumvi kwenye ndoana yanaanza kuwa kutu ukiwa bado Emali.

Ongeza barafu Mtito Andei. Wauzaji wa vinywaji pale wanayo, ila uliza bei kabla hawajaona sanduku limejaa tewa.